Bolti aliyoikaza Evelyn

Saa mbili asubuhi. Nyundo za mafundi wa mtaa wa Gerezani zimeshapamba moto, na Evelyn Lyatuu amelala chali ndani ya Hiace nyeupe, kichwa kikiwa chini ya kitanda, miguu ikining'inia mlangoni.

Ndiyo, kitanda. Gari hili lina kitanda, jiko na friji ndogo; mwenye gari hulikodisha kwa familia zinazokwenda kulala mbugani. Kesho alfajiri linatakiwa Mikumi, lakini friji imezima tena. Betri ya nyuma, inayolisha friji na taa, haichaji.

"Na betri ni mpya," anasema mwenye gari, Hamood Turki, muuza vitambaa wa Kariakoo, tasbihi ikitembea vidoleni. "Wiki iliyopita uliniambia ya zamani imekufa, nikanunua. Leo nini tena, fundi?"

Evelyn anajivuta kutoka chini ya kitanda. Hamood ana Hiace nyingine mbili zinazosubiri kufungwa umeme kama huu. Hili likimshinda Evelyn, kazi zote zinahamia kwa fundi mwingine, na ile fremu ya biashara aliyopanga kuikodi kwa pesa za kazi hizo kule Ilala ataisahau.

Ana miaka 33. Baba yake, mzee Heriel, aliyetoka Machame, anauza spea Kariakoo, na binti aliyajua majina ya vifaa kabla ya kujua kazi zake. Huu ni mwaka wa tisa anatengeneza umeme wa magari, barazani, jua likimchoma utosini. Siku njema huondoka na Sh40,000. Siku mbaya, nauli tu.

"Wateja wananiuliza fundi yuko wapi," husema akicheka. "Nawaambia kaeni, anakuja. Kisha nafungua boneti."

Mjini hapa mafundi wengi hukimbilia duka kabla ya kushika mita ya kupimia umeme: gari halichaji, kanunue betri. Evelyn amewacheka sana. Lakini mcheka kilema hafi bila kumfika. Wiki iliyopita, kwa haraka zake, naye alifanya yaleyale. Hilo linamuuma kuliko maneno ya Hamood.

Leo anapima. Injini ikiunguruma, mita inasoma volti 14.2 kwenye alternata. Kwenye betri ya nyuma, 12.4. Umeme unazalishwa, ila haufiki. Fyuzi nzima. Waya mwekundu mzima. Anagusisha ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha bodi. Hapo panapaswa kusoma karibu na sifuri. Inasoma 1.7.

Anaufuata waya mweusi wa hasi hadi kwenye bolti inayoushikilia kwenye bodi, anaifungua. Chini yake rangi nyeupe inang'aa, haina hata mkwaruzo. Rangi haipitishi umeme. Gari lilikuja kwake kufungwa umeme huu likitoka kupakwa rangi, na aliyeikaza bolti ile bila kukwangua ni yeye mwenyewe.

Godbless, fundi jirani, anachungulia na kuelewa mara moja.

"Sema waya umechoka, dada," ananong'ona. "Nani atajua?"

Evelyn anatoka nje, uso umemwiva kwa aibu.

"Mzee Hamood, nimekosea mimi. Bolti niliifunga juu ya rangi. Betri yako ya zamani nadhani ni nzima. Ilete niichaji, niipime. Kazi ya leo hulipi."

Tasbihi inasimama. Evelyn anageuka. Anarudi ndani na msasa, anakwangua mpaka chuma kinatoka, anakaza, anaomba injini iwashwe. Mita inapanda: 13.9, kisha 14.0. Inatulia hapo. Friji inaanza kunguruma.

Hamood anaisikiliza.

"Mafundi wameniuzia maneno miaka mingi," anasema. "Wa kuniambia 'nimekosea', wewe ndiye wa kwanza. Ile Hiace ya bluu utaianza lini?"

"Jumatatu, mzee wangu."

"Niilete hapa hapa barazani?"

Evelyn anafuta mikono kwenye ovaroli, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Hapana. Ilete Ilala, nitakuwa kwenye fremu yangu. Na tafadhali, usiipake rangi kwanza."