Kinu cha Pedali Mbele ya Mama Mkwe

Jamani, chekeni sasa hivi mmalize kabisa, ili nikifika katikati mnisikilize. Ndiyo, mimi ndiye yule fundi wa baiskeli aliyepita barabara kubwa ya Baraka mchana kweupe akiwa amejifunga kikwembe, kitenge cha mama mkwe wake. Wengine walieneza habari kwamba nilikuwa nimelewa pombe ya ndizi. Sikuwa nimeonja hata tone, na hilo ndilo linaloniuma, maana mlevi ana cha kusingizia, mimi sina cha kusingizia ila akili zangu mwenyewe.

Ilikuwa ile miaka ya Zaire, chama kimoja, kila mtu ni citoyen, yaani mwananchi (hata mbuzi aliyeingia ofisini tulimwita citoyen, lakini kwa sauti ya chini), Jumamosi ni salongo, watu wote na majembe na fagio kusafisha barabara utake usitake, wakubwa wanavaa koti la abakosti bila tai, na mwanamke akionekana na suruali anaulizwa na serikali. Karakana yangu ilikuwa kando ya njia ya kushuka ziwani. Nilitengeneza kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli kwetu, na mikono yangu ilikuwa mizuri, tatizo ni kwamba nilijua kuwa ni mizuri. Wakati huo nilikuwa namposa Riziki, binti wa familia moja ya upande wa mto Mutambala. Mjomba wangu alikwisha peleka maneno, mbuzi wa kwanza walikwisha pokelewa, ilibaki ile siku ya wazee kukaa na kufunga mambo. Nilimpenda yule msichana, nasema wazi, nilimpenda mpaka nikawa naziba mpira wa mteja nasahau tundu liko upande gani. Basi nikawa nawaza usiku na mchana nifanye nini ili kwao waseme kwamba binti yao amepata mtu.

Kila jioni nikipita kwao namkuta yeye na mama yake wamesimama kwenye kinu wanatwanga sombe, yale majani ya mihogo, mchi unapanda, mchi unashuka, jasho linawatoka. Nikasema moyoni, hawa wanateseka. (Sikuwauliza kama wanateseka. Niliona jasho, nikatosheka.) Nikachukua fremu ya kinga kuukuu, nikaisimamisha juu ya mbao nzito, mnyororo nikauunganisha na gurudumu la chuma lenye vigingi, ukikanyaga pedali kigingi kinauinua mchi halafu kinauachia, po! ndani ya kinu. Unakaa kwenye kiti kama mkubwa, unatwanga kwa miguu. Nilijaribu mwenyewe, ikafanya kazi. Nikamwita jirani yangu muuza chumvi, mwanamume mwenye miguu mirefu, naye akajaribu, ikafanya kazi, basi nikaona hakuna tena wa kumwuliza.

Riziki akasikia habari za mlio ule. Siku moja akaja na sahani ya ndagala wa kukaanga, akasimama mlangoni, nami nikakimbia kuvuta turubai juu ya mashine.

"Iko nini mule ndani?"

"Iko kintu kyenu, we na mama."

"Kama iko kyetu, unionyeshe basi."

"Ngoja kwanza. Utaona siku ya sikukuu, pamoja na batu bote."

"Kidogo tu. Niguse tu na mukono."

"We Riziki, we! Kintu kya kushangaza batu hakionyeshwe nusu."

Akaniangalia, akacheka kidogo, akaweka sahani chini akaenda zake. Nami nikala ndagala wangu kwa raha, najiona mwanamume mwenye siri. Uamuzi wangu ulikuwa huo tu, mdogo kabisa, kuvuta turubai badala ya kulifunua.

Sikukuu yenyewe ilikuwa ya chama, na Komisere wa zone, mkuu wa wilaya, alikuwa anashuka kutoka Fizi kuja kuangalia kazi za wananchi. Chef wetu, mkuu wa mji wa Baraka, alikwisha sikia po-po-po kutoka karakana kwangu, akaniambia mashine itaonyeshwa mbele ya mgeni, na mimi badala ya kuogopa nikaona milango ya mbinguni imefunguka. Nikashona suruali mpya, ile ya mtindo wa wakati ule, inabana kwenye paja halafu chini inafunguka, mguu mmoja ungetosha kushona gauni la mtoto. (Fundi wa baiskeli mzima, anayejua mnyororo unavyopenda kitambaa.)

Siku ikafika. Vijana wa animation walikuwa wanapiga ngoma na kuimba sifa za chama, na pembeni ya kiwanja akina mama walikuwa wanapika chakula cha wageni. Kinu cha sombe kilikuwa mikononi mwa mama Riziki, kwa sababu sombe yake ilijulikana Baraka nzima mpaka Nundu. Mimi nilijificha nyuma ya watu nisikutane naye uso kwa uso. Kwa yule asiyetoka kwetu nieleze: mama mkwe ni mtu wa heshima nzito. Ukikutana naye njiani unampisha pembeni, humtazami machoni, huli naye, na mahali ulipokalia wewe yeye hakalii, wala wewe hukalii alipokalia yeye. Hata kabla ya ndoa kufungwa, ukishaposa heshima hiyo imeanza. Niliyajua hayo yote tangu utoto. Nilipotengeneza kiti cha mashine sikukumbuka hata moja.

Nikaitwa. Nikafunua turubai, watu wakasema "Aaaah!", nikapanda, nikakanyaga polepole, mchi ukapanda, mchi ukashuka, majani ya sombe yakaanza kulainika. Makofi! Komisere, mtu mkubwa mwenye abakosti ya kijivu na ile beji ya picha ya kiongozi kifuani, akasimama kabisa.

"Citoyen Fundi, hii iko kazi ya nani? Ya banaume ao ya banamuke?"

"Ya bamama, Citoyen Komisere."

"Basi mama mumoja apande, tuone." Akageuka kwa wapishi, akanyoosha kidole. "Ule mama mwenye kinu. Citoyenne, kuya!"

Ndugu zangu, moyo wangu ulishuka mpaka kwenye viatu. Mama Riziki akaja akijifuta mikono, taratibu, akasimama mbali na mashine. Ndipo nilipoiona kazi yangu kwa mara ya kwanza. Ile fremu ina bomba katikati, inataka upanue miguu huku na huku, na yeye amejifunga vikwembe viwili vinavyobana mpaka kwenye kifundo, kama walivyojifunga wanawake wote pale kiwanjani. Na kiti bado kilikuwa na joto langu.

"Panda, mama," akasema Komisere. "Chama kinasema mwanamuke wa leo anaenda mbele."

Nyuma yangu nikamsikia mjomba akinong'ona, "Na si chama kile kile kinasema turudie desturi za babu zetu?" Lakini alinong'ona tu. Kumkatalia Komisere mbele ya watu siku zile halikuwa jambo la mchezo, na kila mtu pale alijua kwamba mama wa watu amewekwa kati ya serikali na heshima yake, na aliyemweka ni mimi.

Akainamisha macho, akasema kwa sauti nzuri kabisa, "Mi sikatae, Citoyen Komisere. Lakini niko na kikwembe. Na kile kiti, mukwe wangu ametoka kukikalia sasa hivi."

Mukwe wangu! Mbele ya Baraka nzima, kabla wazee hawajafunga maneno! Naona aibu kuwaambia kwamba nilifurahi. Nilifurahi kama mjinga, na furaha ile ikachanganyika na woga, nikataka kumwokoa haraka kabla Komisere hajafungua tena mdomo. Nikapiga kelele, "Citoyen Komisere, bado sijaonyesha mbio zake!" nikarukia juu ya kiti nikakanyaga kwa nguvu zangu zote.

Mchi ukaanza kupiga kama usivyowahi kupiga. Sasa, kwenye kinu cha kawaida yuko mtu anayerudisha majani katikati kwa mkono, anajua lini aongeze maji, anajua lini mwenzake asimame, lakini mashine yangu haikuwa na mtu wa namna hiyo, na ile sombe ilikwisha kuwa uji. Ikaruka. Donge la kwanza likaenda kwa wapiga ngoma, la pili likampata Komisere kifuani, juu ya beji, juu ya picha. Ngoma zikanyamaza. Hakuna aliyesogea kumpangusa, maana nani aguse picha ile, na nani aiache na sombe? Mimi nikataka kusimamisha miguu nishuke nikaombe msamaha, na hapo mnyororo ukashika upindo wa suruali yangu, ukauvuta, ukaenda nao, kraaa! kutoka chini mpaka kiunoni, nikaanguka chini, mashine juu yangu, na kinu kikabingirika mpaka miguuni pa mama mkwe. Nilikuwa nimebaki na chupi, na ile chupi haikuwa ya sikukuu.

Wanawake wote wakageuza nyuso. Mama Riziki naye aligeuka, na akiwa amenipa mgongo akafungua kikwembe chake cha juu, akakitupa nyuma bila kutazama, kikanifunika. Komisere akatoa leso, akapangusa beji kwanza, kisha kifua, akasema, "Citoyen, mashine yako inapiga serikali," halafu akacheka. Alipocheka yeye, kila mtu akapata ruhusa, na vijana wa animation wakarudi kwenye ngoma wakidhani labda ndivyo ilivyopangwa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi niliificha kazi, nikauonyesha uchi, tena kwa mama mkwe, kisha nikajifunga nguo yake nikaenda nyumbani katikati ya barabara.

Mjomba alinitukana kwa Kibembe (sitafsiri), lakini alipeleka mbuzi wa kuosha aibu na kikwembe kipya, na mama Riziki akavipokea. Akatuma neno kwamba kuanguka ni kwa kila mtu, na kwamba yeye hana neno na mimi. Nikalala usingizi mzuri. Nikasema Mungu ni mkubwa, yamekwisha.

Kesho yake asubuhi Riziki akaja karakana. Safari hii turubai lilikuwa chini, mashine imelala wazi na kipande cha suruali yangu kwenye mnyororo. Akaishika fremu, akashika mchi, akakigusa kiti kwa kidole.

"Kiti kimoja," akasema. "Sasa mama atakaa fasi gani? Pale kwa kinu ndio tunaambiana habari zote. Mi nilimwambia juu yako pale pale."

Nikaanza kukichomoa kile kipande cha suruali kwenye mnyororo.

"Na kutwanga haituchokeshe, we. Tunachoka na kubeba mihogo toka mulimani. Mugongo ya mama iko naumia kila siku. We uko na makinga hapa yanajaa nyumba."

Nikaruka. Nikamwambia nitatengeneza kigari cha mihogo cha magurudumu mawili, nitaanza leo, na safari hii nitamwuliza kila kitu, yeye na mama, urefu, uzito, mshikio, kila kitu! Akanisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Utaniuliza kwa sababu umeanguka mbele ya batu," akasema. "Kama haungeanguka?"

Nilitaka kusema ningemwuliza tu. Maneno yalifika mdomoni. Lakini alikuwa ananiangalia, na mimi nilijijua: kama ile mashine ingefaulu, kama Komisere angenipa mkono na watu wakanibeba juu, ningemjengea nyumba bila kumwuliza mlango uangalie wapi, ningewapa watoto wake majina, ningekuwa navuta turubai juu ya kila kitu maisha yetu yote na kumwambia ngoja, utaona na watu wote. Akangoja, akangoja tena, halafu akasema, "Mama hajakataa. Ni mi," akatoka kwenye jua.

Wazee walirudishiana vitu kwa heshima, bila maneno mabaya. Baraka nzima inaamini posa ilivunjwa na suruali, nami nimewaacha waamini hivyo, kwa sababu suruali ni aibu nyepesi. Vigari vya mihogo nilivitengeneza. Kabla ya kukata chuma cha kwanza nilipanda mlimani na akina mama, nikabeba kikapu mgongoni mwangu, nikauliza mpaka mmoja akaniambia, "Fundi, unyamaze basi, tupumuzike!" Vile vigari bado vinapita. Mke wangu wa leo ananicheka kwamba nauliza hata chumvi iwekwe lini, na mimi naendelea kuuliza, sitaacha tena, nauliza wateja, nauliza watoto. Yule aliyekuwa wa kuulizwa kwanza alichukuliwa na mfanyabiashara wa samaki wa Kazimia, na nasikia nyumba yao ina milango miwili, mmoja ukiangalia ziwa, kwa sababu mume alimwuliza anautaka wapi.