Kete za Kabatini

Mjukuu wangu wa kike anacheza sataranji. Mimi darasa la nne sikumaliza, lakini kichwa cha yule mtoto nakijua. Hapa Makwale amewafunga wote, hadi mwalimu aliyemfundisha. Anachezea kete za udongo alizofinyanga mwenyewe, maana kete za shule, zilizoletwa na wageni, mwalimu mkuu amezifungia kabatini. Eti zitapotea!

Udongo huo ndio uliotuponza. Kete inayoitwa askofu aliiwekea msalaba kichwani, askofu angemwekea nini kingine? Tukaenda mashindano ya shule Kyela mjini, akakuta kete za dukani. Alikuwa anashinda kabisa. Akataka kumsogeza askofu, mkono kwa mazoea ukashika kete yenye msalaba. Kumbe kwenye zile za dukani mwenye msalaba ni mfalme! Na sheria yao, ukishaigusa kete, lazima usogeze hiyo hiyo. Akamsogeza mfalme, akafungwa. Alilia njia nzima.

Jumatatu nikamfuata mwalimu mkuu ofisini.

"Shikamoo bibi. Pole, mtoto atashinda mwakani."

"Atashinda na nini, na udongo? Fungua kabati."

Akafungua. Kete zilikuwa bado ndani ya nailoni, hazijaguswa na mtu.

"Wageni wakija wataziulizia, bibi."

"Waambie ziko darasani, zinachezwa."

Akafikiri, akajikuna kidevu.

"Basi watoto waje wazitazame," akasema, "ila wasizishike."

Nilitoka bila kuaga.