Majani ya Titine

Baba yangu, Liévin Musonda, hakujua kukaa. Ukimpa kiti anakizunguka mara mbili, kisha anakumbuka kwamba mlango unalia, anakwenda kuutazama. Kanisani alisimama nyuma akizungusha kofia mikononi, na Mama akimkata jicho mpaka padri anamaliza. Vidole vyake ndivyo vilikuwa vibaya zaidi. Vilipita kwenye nywele zetu, nyuma ya masikio yetu, kwenye mishono ya blanketi.

“Baba Virginie, unatafuta nini mu kichwa ya mutoto?” Mama aliuliza.

“Hapana kitu. Naangalia tu.”

Ugonjwa huo aliupata Makomeno, mtaa wa wazungu, kwa Madame Germaine, alikokuwa mtumishi wa nyumba. Madame alikuwa na foksi mmoja, kambwa kadogo ka jamii ya terrier, keupe na doa jeusi jichoni, jina lake Titine. Mwaka 1954 Madame alikwenda Ubelgiji kumwuguza dada yake kwa wiki tano. Kabla ya kuondoka alibandika karatasi jikoni. Meno yasuguliwe kwa kitambaa. Masikio yapanguswe, maana foksi hawakawii kuoza masikio. Asiruke ngazi, maana goti lake la nyuma hupenda kuchomoka. Medali ya sindano ya kichaa cha mbwa isitoke shingoni. Kupe watafutwe kila asubuhi. Alale juu ya blanketi safi, basi.

Mimi karatasi ile ilinikasirisha tangu mwanzo, maana sisi watoto hatukuwahi kuandikiwa hata nusu yake. Baba hakukasirika. Aliifuata yote, isipokuwa neno la mwisho.

Babu yetu alikuwa mwindaji upande wa Kasenga, na kwao mbwa wa kazi hutandikiwa majani mabichi. Mbwa asiyetandikiwa, watu humhesabu kuwa hana mwenyewe. Baba aliona Titine ameachwa na Madame, analala sakafuni juu ya blanketi tu, akamwonea huruma. Akaenda kukata majani marefu kando ya kichuguu nyuma ya nyumba, akamtandikia vizuri. Titine alijizungusha mle ndani, akalala fofofo. Baba alifurahi kabisa.

Wiki ya nne, Titine alikataa nyama. Masikio yalikuwa ya moto. Baba alimfunua mdomo akakuta ufizi mweupe kama ugali wa muhogo, na mkojo wake ulikuwa rangi ya kahawa. Akamtia kwenye kikapu cha soko, akapanda baiskeli, akakanyaga mpaka kwa daktari wa wanyama. Njiani, alituambia, aliona kazi yake, nyumba yetu na shule yetu vimo vyote mle kikapuni vinahema.

Daktari alikuwa amekwisha kuvaa kofia, gari linamngoja kwenda kuona ng'ombe wa mzungu mmoja. Akamfunua Titine mdomo, akauliza upesi:

“Mu nyumba kuko sumu ya bapanya?”

Ilikuwako. Madame mwenyewe aliiweka stoo kwa mkono wake. Baba angejibu “Ndiyo, docteur” tu, na kosa lingehamia Ubelgiji. Alituambia aliliona neno hilo limekaa mdomoni tayari, na akaona aibu hata mbele ya kikapu.

“Kuko, docteur, lakini iko mu stoo, mulango nafungaka. Titine hakukula. Ni miye. Nilimutiaka majani mubichi pa kulala.”

Daktari alivua kofia. Akamgeuza mbwa, akatanua vidole vya mguu wa nyuma, na hapo katikati alikuwapo kupe, amenenepa kama harage. Baba alikuwa akitafuta kila asubuhi, masikioni na shingoni, kama babu alivyomfundisha. Vidole hakuvijua.

“Inatoka mu majani, na moja tu inatosha kuua,” daktari alisema, na akachoma sindano. “Dawa hii itamugeuza buluu. Usiogope.”

Titine alipona. Lakini ufizi ulikuwa buluu, ulimi buluu, tumbo buluu, na Madame alikuwa anarudi baada ya siku nane. Siku hizo nane Baba hakula kitu cha maana. Alimsugua Titine kwa sabuni kana kwamba dawa ilikuwa matope. Nilimchukia yule mbwa, nasema wazi.

Madame alifika, akambeba Titine, akaona ulimi, akapiga kelele. Baba alimweleza yote, majani na kupe. Madame akasoma karatasi yake kwa sauti, kidole kikasimama kwenye blanketi. Akatia sahihi kitabu cha kazi cha Baba kwamba kazi imekwisha, akampa mkononi. Hakumtukana hata kidogo.

Wiki mbili Baba alizunguka mtaa wetu wa Kenya wote. Alikamata mbwa wa majirani na kuwatanua vidole.

“Bantu banakucheka,” Mama alimwambia.

“Bacheke. Mbwa yabo itapona.”

Mwenye nyumba alikwisha kutuuliza tutahama lini. Jumamosi moja gari likasimama mbele ya mlango wetu. Madame hakushuka. Alifungua mlango tu, na Titine akaruka chini pamoja na goti lake bovu, akaja mbio. Madame alisema mtumishi mpya, Kabwe, ameng'atwa mara tatu, maana Titine hakubali mtu mwingine amshike miguu.

“Liévin, urudi kazi kesho,” akasema. “Lakini hapana majani tena.”

Samahani hakusema. Nilingoja niisikie, na mpaka leo sijaisikia.

Baba alikaa. Alikaa chini kabisa, kwenye vumbi, na suruali yake ya kanisani, akampakata Titine na kuanza kutanua vidole, mguu mmoja, wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne vidole vyake vikatulia. Akainuka, akaenda mpaka kwenye gari, akamwonyesha Madame kupe mdogo juu ya ukucha wake.

“Madame,” alisema polepole, “hii haiko ya majani yangu.”