Mdomo wa Ngoie kwa Wakwe Zake

Nilitoka Kamina kwa sababu ya simu moja. Ramazani, mume wa mjukuu wangu Ngoie, alipiga kutoka Bukama. Akasema mama yake amechoka: Ngoie ana kiburi, anasema na wakubwa kama anatuma watoto. Jumamosi watamrudisha kwetu.

Nilimwambia, "Mungoje. Ninakuja." Nikakata.

Ngoie nimemlea mimi. Kiburi hana.

Gare ya Kamina, kituo cha treni, asubuhi. Treni ilikawia mpaka jua likakaa kichwani. Ndani nilimkuta mama mmoja ametandaza mihogo yake, nikamwambia, "Sogea." Akasogea, akanigawia karanga. Waluba wa kwetu njo hivyo, ndivyo tunavyosema. Kiswahili tulikikuta sokoni, tukachukua maneno ya kutumia. Mengine tukawaachia wenye nafasi.

Pale Kabondo-Dianda, njiani, walipanda watu wa samaki. Mama wa mihogo aliposikia wakwe wa Ngoie wana asili ya Maniema, akacheka: kwa wale, ukitaka kuomba moto, uulize kwanza kuku wao wameamkaje. Sikucheka. Ndoa ya mtoto haiko kitu cha kuchekea.

Bukama, jioni. Mama Zaina, mama yake Ramazani, anauza vitambaa karibu na soko. Nilikuta kapu la Ngoie limefungwa tayari. Nikasema, "Minyi njo nkambo ya Ngoie, bibi yake. Nipe maji."

Akanipa. Akaniuliza habari za Kamina, za njia, za watoto, za mashamba, polepole, kila neno limekunjwa kama kitambaa kipya. Mimi nilijibu, "Muzuri," mpaka akakosa la kuuliza.

Kisha nikamfuata jikoni, nikamtoa mwiko mkononi. "Kaa. Umechoka." Nikasonga bukari, ugali wetu, nikachagua kipande cha samaki, nikamwekea yeye wa kwanza. "Kula."

Mama Zaina hakula. Alimtazama Ngoie aliyesimama mlangoni, akanitazama mimi.

"Huyu mutoto anasemaka hivi hivi," akasema. "Kaa. Kula. Nilifikiri ananifukuza ku jiko yangu."

"Anakupa kipande gani cha samaki?"

Akafikiri. "Cha tumbo. Kila siku."

"Anayekufukuza angekupa mukia."

Ngoie alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yanadondoka kwenye kanga. Mama Zaina alicheka mpaka akashika mbavu. Akamtuma Ngoie akafungue kapu lake. Lakini mimi hakuniacha: "Bibi, sikio nalo iko na njaa. Weye hukumufundisha kulilisha."

Nilimwambia Ngoie, "Asubuhi, uulize mama amelalaje. Na ungoje amalize."

Kulipokucha, aliuliza. Mama Zaina akaanza: mgongo, goti, ndoto, mbwa wa jirani. Ngoie amesimama na sufuria, moto unazimika. Nilitaka kusema, "Fupisha." Nikauma ulimi.

Alipomaliza, Mama Zaina akanyoosha mkono. "Leta chai," akasema, mkavu kama Mluba.

Ngoie akacheka kwa sauti. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu nifike.

Nimerudi Kamina. Wenye kuozesha mabinti mbali, nawaambieni: mfundisheni mtoto kazi, ndiyo. Lakini mwambieni kwamba mdomo ndio unaotangulia kufika kwa watu. Mikono inafika nyuma, na wengine hawaingoji.