Kamba Mguuni mwa Duku

Saa nane mchana. Fortunato Duku amekaa kwenye benchi nyuma ya zahanati moja binafsi karibu na mtaa wa Hai Cinema, mgongo ukutani, mbele yake jenereta ikinguruma. Kamba ya nailoni imefungwa kwenye kifundo cha mguu wake. Inapanda ukutani na kuingia dirishani, wodini, ambako mgonjwa anapumua kwa mashine ya oksijeni. Jenereta ikizimika, aliye ndani aivute.

Duku ana miaka arobaini na mitatu. Macho yake ni mekundu, na akiongea huacha maneno njiani. Juzi asubuhi alimaliza zamu ya sita ya usiku. Jana akaanza sita za mchana. Kila zamu ni saa kumi na mbili, na mzunguko huo hauna mwisho.

"Mwili yangu haijui sasa ni saa ngapi," anasema. "Mchana inataka kulala. Usiku niko nyumbani, macho wazi mpaka jogoo."

Kazi hii aliianzia Arua, Uganda, alikokulia ukimbizini. Watu wa jenereta, anasimulia, husinzia kando ya mashine bila aibu, kwa sababu kinachowaamsha ni kimya. Mashine ikinyamaza tu, mtu yuko wima. Hata nyumbani kwake, mtaa wa Munuki, jirani alipozima jenereta yake usiku mmoja, Duku aliruka kutoka kitandani na kutafuta spana. Mkewe, Peace, alicheka mpaka machozi.

Siku hizi Peace hacheki. Miezi minne iliyopita zahanati ilipunguza wahudumu wa jenereta kutoka watatu hadi wawili, na kupokezana usiku na mchana kukaanza. Hapo maji yakazidi unga. Alasiri moja dizeli chafu iliziba chujio, mashine ikanyamaza. Duku hakuamka. Aliyemwamsha ni Achol, binti wa mgonjwa, aliyemvuta mguu akilia kwamba baba yake anakosa pumzi.

Mzee huyo alifariki siku ya tatu. Daktari alisema mapafu yalikuwa yamekwisha tangu alipoletwa. Duku ameambiwa hivyo mara nyingi, na haijamsaidia hata kidogo.

"Sikio yangu ndiyo ilikuwa kazi yangu," anasema. "Hiyo imekufa. Sasa mimi iko nini hapa?"

Anayelala kazini huitwa mvivu. Nimekaa na mtu huyu tangu asubuhi na sijauona uvivu. Nimeona mtu aliyesimama mpaka miguu ikakataa. Muuguzi wa zamu, aitwaye Tisa, anasema mwili una majira yake ya kulala na kuamka, na ukigeuziwa kila wiki haupati nafasi ya kuzoea. Duku aliomba aachiwe zamu za mchana tu. Msimamizi alimjibu kwamba mwenzake naye ana watoto.

Ndipo akanunua kamba. Kila ndugu wa mgonjwa, Duku humwelekeza jambo moja: taa ikizimika, vuta, usinionee huruma.

Anataka kurudi Arua akalime mihogo. "Giza ikiingia, nalala. Jua ikitoka, naamka. Kalas, basi."

Lakini hiyo ni baadaye. Mgonjwa wa leo aliokotwa barabarani mtaa wa Atlabara. Hana ndugu, hajafumbua macho, na Tisa yuko peke yake na vyumba vitatu. Asubuhi Duku mwenyewe aliingia wodini, akaifunga ncha ile nyingine ya kamba kwenye kifundo cha mkono wa mgonjwa.

"Labda yeye atavuta," anasema, na kichwa chake kinaanza kuinama.