Kiti cha Mama katika Bandari za Watu

Nyumbani Tanga, watu wakisikia kwamba nimefika Barselona, Marsei, Jenova na Malta, huniwekea kiti niwasimulie. Nikianza, naona nyuso zinavyopoa, maana ninachokikumbuka zaidi ni mawe: mawe ya kale yaliyotandikwa barabarani, yamelainika kwa kukanyagwa na kuachana kidogo kidogo, na yale magurudumu madogo ya mbele ya kiti cha mgonjwa yakinasa kila penye ufa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi. Nilikuwa Doha, nikimuuguza mama mmoja mzee nyumbani kwa mwanawe, mtaa wa Muaither. Kisukari kilikuwa kimemmaliza nguvu za miguu na macho yake yalianza kufifia. Mimi nilimwita Mama, kama walivyomwita wote mle ndani. Mwanawe, mtu wa makamo, mpole, nilimwita Baba, naye aliniita sista, jina ambalo kule hupewa kila muuguzi. Baba alipenda bandari kama wanaume wengine wanavyopenda mpira. Kiangazi kile aliamua kuzizungukia bandari kongwe za Mediterania, yeye, mkewe na mama yake.

"Mama amezaliwa Wakra, pwani," aliniambia. "Nataka azione kabla macho hayajafunga kabisa. Wewe sista utafuatana naye."

Nilifurahi, sitasema uongo. Nilishuka madukani Najma nikanunua miwani ya jua na viatu vyeupe.

Furaha iliniishia Barselona, siku ya pili. Asubuhi nilimwogesha Mama, nikampima sukari, nikamdunga insulini, nikamvisha, nikafunga kiboksi cha barafu chenye dawa, nikafunga mkoba wa nepi na nguo za kubadilisha. Tulipofika bandarini nilikuwa nimeshachoka kama mtu aliyemaliza zamu. Baba alitangulia na simu yake mkononi, akisoma, kisha akarudi mbio kutusimulia.

"Mama, tazama! Ndani ya jengo hili zilikuwa zinaundwa meli za vita, zamani sana."

"Mashallah," alisema Mama. Kisha akanigeukia. "Choo kiko wapi?"

Hilo ndilo swali lililotuongoza Mediterania nzima. Bandari za kale zina minara na ngome, lakini choo kiko mbali, au kiko chini ya ngazi. Jenova kilikuwa chini ya ngazi. Nilimbeba mgongoni, Mama akinishika shingo na kuniomba radhi kila kipandio, na mke wa Baba akashuka nyuma yetu amebeba mkoba. Tulipopanda tena, Mama alikuwa amelia kidogo. Mimi sikulia. Nilikuwa nahesabu pumzi.

Marsei tulikaa kwenye gati la ndani, mbele ya boti za starehe zilizopangwa mbavu kwa mbavu, nyeupe, zinang'aa, milingoti yake ikigongana na kamba kwa upepo. Baba alikuwa anazisifu moja moja. Mama alizikodolea macho muda mrefu.

"Boti zote hizi," akauliza, "watu wako wapi?"

"Wenyewe wako kazini, Mama."

"Basi zinangoja nini hapa?"

Baba alicheka, akampiga picha. Usiku huo nilisinzia na glovu mkononi. Viganja vilikuwa vimetoka malengelenge, na kiuno kilianza kuuma mahali ambapo mpaka leo kinauma.

Malta tulifika Jumapili. Baba alitupeleka kwanza bandari moja ndogo ya wavuvi upande wa kusini, Marsashlok, ambako kila Jumapili huwa na soko la samaki ukingoni mwa maji. Jua lilikuwa kali, watu wamejaa. Nilikwama na kiti mbele ya meza ya mwanamke mmoja mnene, mwenye aproni ya mpira, aliyekuwa akimhesabia mteja samaki kwa sauti. Nikasikia sita. Nikasikia seba. Halafu kitu nisichokijua, halafu disa. Nilidhani jua limeniingia kichwani. Pale mbele yangu mzungu anahesabu karibu kama mama yangu mzazi sokoni Tanga.

Mama naye alikuwa ameinua kichwa. Akamuuliza yule mwanamke kwa Kiarabu chake cha Wakra, "Huyu samaki gani?"

Mwanamke akajibu kwa Kimalta, lugha iliyo jamaa na Kiarabu. Maneno mengine yalipotea, mengine yakafika. Bahari ilikuwa bahari. Mkate ulikuwa mkate. Lakini samaki wote, hata dagaa, yeye aliwaita *hut*, na kwa Mama *hut* ni nyangumi. Mama alimnyooshea kidole samaki mdogo kama kidole hicho.

"Na huyu pia nyangumi?"

"Hut!" alisema mwanamke.

Mama alicheka mpaka shela ikateleza begani. Sijawahi kumwona akicheka hivyo, si Muaither, si popote. Mwanamke akatoka nyuma ya meza, akavuta ndoo, akaipindua na kuikalia karibu na kiti. Wakaanza kuulizana: watoto wangapi, mume yu hai, magoti yanauma upande gani. Palipokosekana neno walishikana mikono.

Baba akaja ameshika ufunguo wa gari. "Yalla, twende, Mama. Mchana tuna bandari kubwa na ngome."

"Nenda wewe."

"Mama, tumekuja mbali kote huku."

"Wewe ndiye uliyekuja," alisema Mama kwa upole. "Mimi nilipakiwa."

Uso ulimwiva Baba. Akanigeukia mimi, nadhani akitegemea nitaondoa breki ya kiti.

"Baba, mwache apumzike," nikasema. Kisha nikasikia sauti yangu ikiendelea yenyewe. "Na mimi nimechoka."

Alinitazama viganja, vile nilivyovifunga bandeji. Mkewe akamwambia neno la chini nisilolisikia. Baba akaenda akarudi na kiti cha plastiki alichoazima mgahawani, akakiweka kivulini.

"Kaa, sista."

Nilikaa. Nililala papo hapo, mdomo wazi, katikati ya makelele ya samaki. Niliamshwa na Mama mwenyewe alasiri, anataka sindano yake.

Ngome hatukuiona. Sisilia, iliyokuwa ifuate, nayo ilifutwa, tukarudi Doha mapema. Baba hakunikasirikia. Nafikiri alihuzunika tu, kama mtu aliyempikia mwenzake chakula kizuri akakuta hana njaa.

Kiangazi kilichofuata alisafiri na mkewe tu, akamwomba Mama ruhusa kwanza. Sisi wawili tulibaki Muaither, mapazia yamefungwa, kiyoyozi kinanguruma. Adhuhuri Mama alilala, nami nilinyoosha miguu juu ya mto na kutazama dari.

Alifariki miaka michache baadaye, kitandani kwake. Mimi ofisi iliyoniajiri ilinihamishia Wakra, kwa mzee mwanamume asiyependa kutoka nje hata uani. Wauguzi wenzangu walinihurumia kwa kufungiwa ndani namna ile. Mimi nilishukuru Mungu.