Bima ya Saa Yenye Mshale

Mie mwoga, na sijapata kuuonea haya uoga wangu. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na miaka ile ya sitini, mashifta, wale waasi wenye silaha, na askari walipokuwa wakisakana kwenye misitu ya bara iliyo mkabala na visiwa vyetu, vilio vilikuwa vimetutosha. Shujaa wa nyumba yetu alikuwa mume wangu. Kazi yake ilikuwa kusimamia wakata boriti huko mikokoni, upande huo huo wa bara, na mkononi akivaa saa ya jeshi.

Saa hiyo aliachiwa na marehemu baba yake, aliyepigana Burma akarudi nayo. Uso wa saa mweusi, namba zake zikiwaka gizani, na mgongoni imechongwa mshale mdogo na tarakimu chini yake. Mshale ule ndio alama ya mali ya jeshi la Mwingereza. Mzee alipewa au alijipa, hatukujua, na aliyeweza kutwambia alikuwa kaburini.

Kwa miaka mingi sikuujali mshale huo. Kisha ikaja habari kwamba huko Faza kuna mtu amekamatwa kwa viatu. Viatu tu! Alivinunua mnadani Mombasa, vya jeshi, akawa anavivaa kwenda shambani. Aliulizwa amemvua askari gani, na karatasi ya mnada hana. Tangu siku hiyo nikawa nikimtazama mume wangu mkono, simtazami uso.

"Iache nyumbani," nikamwambia.

"Nikiiacha nitajuaje wakati wa maji kutoka? Wataka mkondo utukaukie huko ndani tulale na mashifta?"

"Baba zako waliingia mikokoni bila saa."

"Na wewe ulikuwapo?" Akacheka. Yeye kila kitu kicheko.

Basi ndipo niliposikia kuna wakala wa bima amekuja kutoka Mombasa, amekaa katika duka moja Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu wa Amu, anawakatia wenye maduka bima ya moto. Wanatoka kwake na karatasi yenye muhuri, jina la mtu na jina la mali yake. Mie nikasikia neno muhuri. Nikajiambia, saa yetu ikiandikwa katika karatasi kama hiyo, pamoja na jina la mume wangu, nani tena atamuuliza amemvua nani? Watu wengine wakata bima kwa kuogopa wezi. Mie nilikata kwa kuogopa askari.

Mama mkwe wangu hakutaka kusikia. "Bima ya nini? Mungu hatoshi? Kitu mtu hukiandikia kupotea kabla hakiyapotea! Waitia ito, jicho baya, mwanangu." Lakini kunikatalia alinikatalia, kuniacha niende peke yangu hakuniacha. Tukajitia buibui zetu tukatoka wote wawili, yeye mbele akinung'unika, mie nyuma na saa, niliyoichukua mume wangu amelala mchana, nimeifumbata kama yai.

Wakala alitaka kwanza bei ya saa iandikwe na mtu wa kazi hiyo, kwa hivyo tukenda kwa fundi saa. Fundi akaibandua mgongo, akaitazama kwa kile kioo chake cha jichoni, akaisifu mashine kwa sauti. Alipougeuza mgongo akaufunika kwa kiganja. Akatazama mlangoni, ndipo akasema.

"Bi, hii ina mshale."

"Najua."

"Niusugue? Mara moja tu, hautaonekana tena."

Mama mkwe akasema haraka, "Msugulie, msugulie."

Ningemwambia ndiyo, shida yangu ingekwisha pale pale. Lakini nikafikiri: askari akikuta saa ya jeshi imekwanguliwa mgongo, si ndio atajua tuna la kuficha? Mficha uchi hazai. Nikamwambia fundi auache mshale, auandike, na tarakimu zote aziandike, moja moja. Fundi akanitazama kama mtu anayejiuza mwenyewe. Akaandika, na bei akaweka nzuri, mtu angepata punda mzima na chenji.

"Basi umemfunga mume wako kwa mkono wako," mama mkwe akaniambia tulipotoka. Na mie nilikuwa nikiogopa hivyo hivyo.

Wakala alikuwa mtu wa bara, mpole, shati limenyooka. Akaniuliza, "Mama, unaiogopea nini? Wizi, moto ama maji?"

"Askari," nikasema.

Akacheka hata akaivua miwani. "Bima ya askari hatuna, Mama." Akaandika wizi, moto na maji. Lakini mshale aliuandika, na tarakimu, na jina la mume wangu, kisha akapiga muhuri. Mlio ule wa muhuri ulinipoza moyo, Wallahi. Nikamlipa kwa pesa za kofia nilizokuwa nimeshona.

Karatasi mfukoni mwa mtu wa mikokoni haidumu, itarowa. Nikaizungushia kitambaa cha nta, nikampelekea mshona ngozi akaitia ndani ya kifuko, akakishona kotekote kama anavyoshona hirizi, na mume wangu akafungwa nacho mkononi juu ya kiwiko. Yeye mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini. "Wenzangu wamevaa Yasini, mie nimevaa muhuri wa Mombasa!"

"Ukiulizwa, kipasue," nikamwambia. "Usibishane na mtu. Kipasue wasome."

"Haya, bibi wa bima."

Akaenda zake. Chombo kilirudi kimejaa boriti, na yeye hamo.

Mabaharia walikuja mpaka mlangoni, hawakutaka kuingia. Mmoja wao ndiye aliyesema: wamekutana na askari wa doria mlangoni mwa mkondo, wameamriwa wanyooshe mikono, na saa ikaonekana. Wamemteremsha. "Na kifuko?" nikauliza. Walisema askari alipokiona alipiga kelele, kwamba hirizi ni za mashifta, wanavaa ili risasi isiwaingie. Lahaula! Nilikuwa nimemvika ushahidi wa pili.

Siwezi kuzieleza siku zile vizuri. Nikisikia viatu vizito uchochoroni, nakimbilia mlangoni, na visiposikika ndio vibaya zaidi. Mama mkwe hakunilaumu tena, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Alinishikia mkono akisoma, mkono wake baridi, na mie nikihesabu makosa: ningeusugua mshale, ningeificha saa kisimani, ningenyamaza na kofia zangu. Nilimwomba Mungu anirudishie mtu wangu. Saa sikuitaja kabisa.

Alirudi na boti ya askari, akateremshwa gatini mchana kweupe. Nilimwona akija na ndia ya mtaani kwetu, akitembea katikati kabisa, mbali na kuta, na mkononi ana kitambaa cheupe kimefungwa vizuri. Alipoingia ndani alikiweka mkekani, akakaa. Midomo ilikuwa imepasuka yote kwa jua.

Nikakifungua. Saa ilikuwa ndani, inatembea, imepanguswa, haina hata mkwaruzo.

"Walisoma?" nikamuuliza.

"Walisoma." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Walikipasua kwa kisu wakasoma. Mkubwa wao alipoiona bei akawaambia wenziwe, hii saa ni ya bima, mtu asiiguse, ikiharibika tutaulizwa. Akaifunga kwa kitambaa chake mwenyewe, akaitia sandukuni kivulini. Kila asubuhi aliifungua, akaitia ufunguo, akairudisha. Mpaka wakapata jibu kutoka stesheni ya huku Amu kwamba tarakimu ni zile zile za bima."

"Na wewe?"

Akaweka mikono yake mapajani, nikaiona. Kamba ilikuwa imekaa pale pale panapokaa saa, mkono huu na huu, na ngozi imetoka.

"Mie sikuandikwa," akasema. Nikangoja acheke. Hakucheka.

Vidonda vilipona, lakini mikokoni hakurudi tena. Alikaa ndani, mlango wa barazani akitaka ufungwe, na mtu akibisha hodi kwa nguvu yeye huinua mikono kwanza, ndipo akumbuke aishushe. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, watu walisema, wakamchekea kidogo. Wakamcheka yeye, aliyekuwa akitucheka sisi sote! Mie sikuwasamehe.

Mwaka uliofuata yule wakala akaja kwetu, mpole vile vile, shati limenyooka, kuuliza kama tutaendelea na bima. Alibisha hodi. Nyuma yangu nikasikia mume wangu akisimama, na sikugeuka, maana nilijua mikono yake iko wapi.

Wakala akaomba aione saa. Nikamtolea. Akaigeuza, akautazama mshale, akasoma tarakimu, akaisikiliza kwa sikio, akaridhika. Akatoa kalamu.

"Kwa hivyo mwaka huu wote, Mama, hakuna hasara yoyote?"

"Saa ni nzima," nikasema.

Akaandika: hakuna hasara. Akapiga muhuri, na kwa mlio ule mtu wangu akalia kwa sauti huko nyuma.